Virusi Vinavyolala: Kwa Nini Dawa Haivimalizi Mwilini?

SOMO LA KIKUNDI

Lengo: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kumweleza jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini mtu anayemeza dawa za UKIMWI vizuri bado ana virusi, na kwa nini asiache dawa hata akijisikia mzima kabisa.

Muda: Saa moja na nusu.

Mahitaji: Kitabu cha zamani cha kumbukumbu za mikutano, bakuli la mahindi, na punje moja ya maharagwe.

Kwa mwenye kuongoza: Soma somo lote kwanza ukiwa peke yako. Siku ya mkutano usikimbie. Afadhali mgawanye somo mara mbili kuliko kumaliza na watu hawajaelewa.

KISA

Wapendwa wanakikundi, leo naanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama hapa upande wetu wa Theta. Walikuwa na kuku, na sukuma wiki kando ya mto, na kila Alhamisi walichangiana pesa kwa zamu. Mmoja wao alikuwa akimeza dawa tangu mwaka 2008. Siku hiyo alinivuta kando akatoa karatasi ya kliniki. Ilikuwa imeandikwa LDL.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Nilifurahi sana. Nikamshika mkono nikamwambia, "Hongera mama! Virusi havionekani tena kwa damu yako."

Nilisema kweli, lakini sikumaliza kusema. Nilikuwa na haraka. Matatu ya Ruiru ilikuwa inapiga honi pale barabarani. Mimi nilisema "havionekani", yeye akasikia "haviko".

Akaenda nyumbani, akamaliza vidonge vilivyobaki kwa kopo, na hakurudi kuchukua vingine. Tusiseme alikuwa mjinga. Nauli ilikuwa shida, foleni ilikuwa ndefu, na alikuwa amechoka kuficha lile kopo kila wageni wakija. Zaidi ya hayo alijisikia mzima. Tena wiki za kwanza aliona ni kama ameamua vyema, maana dawa za wakati ule ziliwaletea wengine ndoto mbaya, na sasa alikuwa analala vizuri.

Baada ya miezi saba alianza kukohoa usiku na kukonda. Alipopimwa walikuta kifua kikuu, na virusi vimejaa tena katika damu. Nilipoenda kumwona aliniambia polepole, bila hasira: "Mwalimu, si ni wewe uliniambia vimeisha?"

Maneno hayo sijayasahau. Mume wake, ambaye hakuwa na virusi, ilibidi apimwe mara kadhaa kabla sisi sote hatujapumua. Yeye mama alitibiwa, akarudi kwa dawa, na ameniruhusu niandike kisa hiki. Jina lake nimeliacha.

MASWALI YA KUANZIA (dakika kumi)

1. Mwalimu alikosea wapi?
2. Kwenu watu husema nini juu ya mtu mwenye virusi ambaye amenenepa na kurudi kazini?
3. Dawa ya malaria tunameza siku tatu, ya kifua kikuu miezi sita. Kwa nini hii ya virusi ni ya maisha?

Mwongozaji, sikiliza majibu yote na usisahihishe mtu kwa sasa.

VIRUSI HUINGIA WAPI?

Mwili wetu una walinzi. Ni chembe nyeupe za damu, na zile zinazoongoza wengine daktari huziita CD4. Hizo ndizo virusi vya UKIMWI huzishambulia.

Sasa chukua kile kitabu cha kumbukumbu, mkiweke katikati. Tuseme kila chembe ni kikundi kidogo, na ndani yake kuna kitabu cha maagizo tulichorithi kwa baba na mama. Kila kazi ambayo chembe inafanya imeandikwa humo.

Kirusi kikiingia ndani ya chembe hakina mikono wala jiko lake. Kinakuja na maagizo tu, tena yameandikwa kwa mwandiko ambao si wa kitabu chetu. Kwa hivyo hufanya mambo mawili. Kwanza, hunakili maagizo yake kwa mwandiko wa kitabu chetu. Pili, huyabandika ndani ya kitabu chenyewe. Ni kama mtu ameingia ofisini usiku, akafungua kitabu cha kikundi, akaandika kwa wino katikati ya ukurasa: "Kuanzia leo kikundi hiki kitengeneze virusi." Asubuhi wanakikundi wanafungua, wanasoma, wanatii. Hawajui kwamba mstari ule si wao.

Chembe nyingi zilizoandikwa hivyo hufanya kazi ile kwa nguvu, zinatoa virusi vipya vingi, kisha zinakufa baada ya siku moja au mbili. Virusi hivyo vipya vinakwenda kutafuta chembe nyingine. Bila dawa, mchezo huu unaendelea usiku na mchana kwa miaka, mpaka walinzi wamekwisha na kila ugonjwa mdogo unaingia bila hodi.

Hapa ndipo tofauti na malaria. Wadudu wa malaria ni wageni ndani ya damu, ukiwaua wanatoka. Virusi vya UKIMWI vimeandikwa ndani ya kitabu cha mwenye nyumba.

DAWA HUFANYA NINI?

Watu wazima wengi hapa Kenya siku hizi wanameza kidonge kimoja kwa siku. Ndani ya kidonge hicho kuna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hiyo ya mwisho ilianza kuletwa Kenya mwaka 2017.

Tenofoviri na lamivudini zinaharibu ile kazi ya kunakili. Dolutegraviri inazuia ile ya kubandika. Kirusi kinaingia ndani ya chembe mpya, lakini kalamu imenyang'anywa na gundi imemwagwa. Hakiwezi kuandika. Na zile chembe zilizokuwa tayari zinatengeneza virusi, nazo zinakufa zenyewe kwa muda mfupi. Kwa hivyo virusi katika damu vinashuka haraka. Kwa wengi wanaomeza vizuri, ndani ya miezi michache kipimo hakioni tena.

Lakini hebu sikilizeni vizuri, maana somo lote liko hapa: dawa hizi zote zinazuia wino usiandikwe. Hakuna hata moja inayofuta wino uliokwisha andikwa.

CHEMBE ZINAZOLALA

Mtoto akiugua surua akapona, haugui tena. Kwa nini? Kwa sababu mwili ukimaliza vita huwaacha walinzi wachache wenye kumbukumbu. Hao hulala kimya kwa miaka mingi, wakingoja kama adui yule atarudi. Huo ni mpango mzuri wa mwili. Ndio unaofanya hata chanjo zisaidie.

Sasa wakati mwingine kirusi kinamwandikia mlinzi mmoja mstari wake, na mlinzi huyo, badala ya kufa, anaenda kulala. Kitabu kimefungwa, kimewekwa kabatini. (Mwongozaji, funga kitabu, ukiweke kando.) Mstari uko ndani lakini hakuna anayeusoma. Chembe hiyo haitengenezi virusi, kwa hivyo haifi. Walinzi wengine wanapita karibu nayo na hawaoni kasoro. Dawa nayo inapita na haina la kuzuia, maana hakuna kinachoandikwa. Mtu anaweza kumeza dawa miaka ishirini, na mstari ule uko tu.

Chembe za namna hii ni ngapi? Chukua bakuli la mahindi, utie ile punje moja ya maharagwe, ukoroge. Kila mtu ajaribu kuitafuta. Sasa fikirini: kwa mtu aliye kwa dawa, chembe zenye virusi vinavyoweza kuamka ni kama moja katika milioni moja ya chembe za CD4 zilizopumzika. Gunia la mahindi la kilo 90 lina punje kama laki tatu hivi. Kwa hivyo ni kama kutafuta haragwe moja ndani ya magunia matatu au manne. Lakini msisahau kwamba mwili una mabilioni mengi ya chembe hizi, kwa hivyo hata moja kwa milioni inabaki kuwa nyingi. Tena hazikai kwa damu peke yake. Ziko kwa tezi, ziko kwa matumbo, na virusi hujificha hata kwa ubongo.

Kuna jambo lingine. Chembe hizi zinazolala huzaana. Mlinzi mmoja anaweza kugawanyika akawa wawili, wawili wakawa wanne, bila kutoa kirusi hata kimoja. Na kila mara kitabu kinanakiliwa chote, pamoja na ule mstari wa mwizi. Ni kama kikundi kikigawanyika mara mbili, kila upande ukachukua nakala ya katiba yenye kosa lilelile. Kwa hivyo maficho haya hujijaza yenyewe, hata dawa ikiwa inafanya kazi yake vizuri.

Watafiti walijaribu kupiga hesabu. Waliona kwamba kwa mtu anayemeza dawa bila kukosa, maficho haya hupungua kwa nusu kila baada ya karibu miezi 44. Wakakadiria kwamba ingechukua zaidi ya miaka 70 kuyamaliza. Ndiyo sababu tunasema dawa ni ya maisha. Hatusemi hivyo kumtisha mtu.

Siku moja nikifundisha somo hili, mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya kahawa alinyanyua mkono akasema: "Hii ni thangari." Wote wakacheka, lakini wote wakaelewa. Thangari unaweza kuilima mpaka shamba likawa safi kama sakafu. Mgeni akipita atasema hapa hapana nyasi. Lakini kipande kidogo cha mzizi kikibaki chini, ukikaa mwezi mmoja bila jembe, utaikuta imerudi kati ya mikahawa.

BASI "LDL" MAANA YAKE NINI?

Ni kwamba virusi katika tone la damu ni vichache kuliko vile mashine inaweza kuhesabu. Mashine inahesabu virusi vinavyozunguka nje ndani ya damu. Haihesabu mistari iliyoandikwa ndani ya vitabu vilivyofungwa. Kwa hivyo karatasi inaposema LDL inasema kweli: dawa inafanya kazi. Haisemi kwamba maficho yamekwisha. Haikuulizwa swali hilo.

Ningekuwa nimemwambia yule mama hivi: "Hongera, dawa imevilaza. Endelea kumeza visiamke." Ni maneno machache tu, na matatu ingeningoja.

TUMEJUAJE HAYA?

Mtu anaweza kuuliza, nani alimwona huyo anayelala? Ni swali zuri.

Mwaka 1996 matibabu ya dawa tatu kwa pamoja yalipoanza kuonyesha nguvu, wataalamu wengine walitumaini kwamba mtu akimeza miaka mitatu hivi virusi vitakwisha kabisa. Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti kule Marekani, mmoja wao akiwa Robert Siliciano wa chuo cha Johns Hopkins, walichukua chembe zilizolala kutoka kwa watu ambao damu yao ilikuwa safi kwa kipimo. Walipoziamsha ndani ya maabara, virusi vikatoka vikiwa hai. Tumaini la miaka mitatu likaishia hapo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki pia watu wamechunguzwa. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maficho ya Waganda waliopimwa yalikuwa madogo, kama theluthi moja ya yale ya wagonjwa wa Baltimore, Marekani. Lakini yalikuwako.

Na je, mtu akipumzika kidogo tu? Hilo nalo lilijaribiwa. Katika utafiti mkubwa ulioitwa DART, uliofanywa Uganda na Zimbabwe, watu fulani walimeza dawa wiki 12, wakapumzika wiki 12, huku wenzao wakimeza bila kuacha. Mwaka 2006 mpango huo wa kupumzika ulisimamishwa, kwa sababu waliokuwa wakipumzika waliugua zaidi. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa nchi nyingi, wenye watu zaidi ya 5,400, ulionyesha vivyo hivyo: waliosimamisha dawa waliugua na kufa zaidi ya wale walioendelea.

Kuna pia kisa cha mtoto wa jimbo la Mississippi, Marekani, aliyezaliwa mwaka 2010. Alianzishiwa dawa akiwa hajafikisha hata siku mbili. Akiwa na mwaka mmoja na nusu dawa zilikatika, na madaktari walipompima hawakuona virusi. Dunia nzima ilishangilia kwamba amepona. Alikaa miezi 27 bila dawa. Mwaka 2014 virusi vikarudi. Kwa watu wengi havingoji hivyo. Mtu akiacha dawa, kwa kawaida virusi huonekana tena ndani ya wiki chache. Hapo mtu anaweza kuwa bado anajisikia mzima, kama yule mama wetu.

JE, HAKUNA ALIYEPONA?

Wako, lakini ni wa kuhesabu kwa vidole. Wa kwanza kujulikana ni Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyeishi Berlin. Alikuwa na saratani ya damu pia. Mwaka 2007 na 2008 uboho wake ulibadilishwa kwa uboho wa mtu mwingine ambaye chembe zake, kwa kuzaliwa, hazina mlango ambao virusi hivi hupendelea kupitia. Hakuhitaji tena dawa za kutibu virusi. Alikufa mwaka 2020, na kilichomuua ni ile saratani iliyorudi. Mwingine ni Adam Castillejo wa London, ambaye habari zake zilitangazwa mwaka 2019.

Tiba hiyo ni ya kufa na kupona kweli. Madaktari wanachoma shamba lote ili waanze upya, na wengi hawatoki salama. Hutolewa kwa mtu ambaye saratani ingemuua hata hivyo. Watafiti sasa wanatafuta njia nyingine, kama kuziamsha chembe zinazolala ili ziuawe, au kuzifunga zilale milele. Mpaka leo hakuna njia hata moja kati ya hizo iliyofika kliniki zetu.

Kwa hivyo mtu akija kijijini na chupa akisema inafuta virusi kabisa, muulizeni swali moja: inafutaje wino ulio ndani ya kitabu kilichofungwa? Tumeshapita njia hii. Mwaka 1990 hapa Kenya ilitangazwa dawa iliyoitwa Kemron, watu wakatumaini sana. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba inasaidia. Mwaka 2011 maelfu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, upande wa Tanzania, na kutoka Kenya wengi pia, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za huko. Wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona, wakarudi hospitali wakiwa hoi.

Sisemi watu wasiombe. Ombeni, tena mwombeane. Lakini kumeza dawa si kukosa imani. Mkulima anaomba mvua na bado analima.

HABARI NJEMA, NA IMETOKA HAPA KARIBU

Tusitoke hapa na huzuni. Kilicholala hakiendi kwa jirani. Virusi vinavyoambukiza ni vile vinavyotoka nje ya chembe na kuzunguka. Vikiwa vimelazwa na dawa, havipo njiani.

Mji wetu wa Thika umechangia elimu hii. Tangu mwaka 2008 wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwingine hana walishiriki katika utafiti mkubwa uliofanywa sehemu tisa za Kenya na Uganda, Thika ikiwa mojawapo. Mwaka 2011 ulionyesha kwamba asiye na virusi akimeza dawa ya kinga kila siku, hatari yake hupungua sana. Baadaye, wanandoa 1,013 wa Thika, Kisumu, Kampala na Kabwohe walifuatwa. Yule asiye na virusi alitumia dawa ya kinga mpaka mwenzake awe amemeza dawa zake miezi sita. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 96 kulinganisha na yale yaliyotarajiwa bila mpango huo.

Na kule Ulaya, utafiti uliotoa matokeo mwaka 2016 na 2019 uliwafuata wenzi wengi wasiotumia mipira. Hawakuona hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzake ambaye virusi vyake havionekani kwa kipimo. Kwa hivyo mke na mume wanaweza kuishi pamoja na kuzaa watoto wasio na virusi. Mama mjamzito au anayenyonyesha afuate kliniki kwa karibu, yeye na mtoto, kwa sababu kwa maziwa hatari inakuwa ndogo sana lakini haijafika sifuri.

Haya yote yanasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kidonge cha kila siku. Siku virusi vikiamka, habari njema inaisha.

TUFANYE NINI?

1. Meza kila siku, saa ileile. Ukisahau, meza ukikumbuka. Ikiwa saa ya kidonge kijacho imekaribia, usimeze viwili kwa pamoja.

2. Usimeze leo, kesho ukaacha. Dawa ikiwa kidogo mwilini, virusi hubadilika vikaizoea. Na ule mstari mpya wa virusi sugu nao huandikwa kitabuni ukahifadhiwa. Hata miaka kumi baadaye dawa hiyo inaweza kukataa kukusaidia.

3. Mweleze daktari kila kitu unachomeza. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kifua kikuu zinaweza kupunguza nguvu ya dolutegraviri. Hapo utapewa masaa tofauti au kipimo kingine. Usifiche mitishamba pia.

4. Pima kiasi cha virusi angalau mara moja kwa mwaka ukiwa mtu mzima. Watoto, vijana na wajawazito hupimwa mara nyingi zaidi. Uliza matokeo yako, usirudi nyumbani na karatasi usiyoielewa.

5. Pima presha na sukari. Maficho yale huufanya mwili ukae macho kidogo kila wakati, na hilo huchosha moyo na mishipa.

6. Kama uliacha dawa, rudi leo. Usiogope kugombezwa. Mtu aliyeacha miezi saba na akarudi yuko mahali pazuri kuliko yule anayeona aibu mpaka mwezi wa nane.

7. Kikundi kisaidie. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa muda, kliniki kadhaa nchini zilifunga au zikapunguza wafanyakazi, na watu wengi waliingiwa na hofu ya kukosa dawa. Tusingoje siku kama hiyo irudi. Wanaochukua dawa mahali pamoja wanaweza kuchagua mmoja awachukulie wenzake kwa zamu, kama kliniki inakubali mpango huo. Mfuko wa kikundi unaweza kuwa na pesa kidogo ya nauli ya Thika au Ruiru kwa atakayeomba, bila kuulizwa ni ya nini. Hilo la kutouliza ni muhimu, maana siri ya mtu si mali ya kikundi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kila mmoja amweleze aliye kando yake, bila kusoma, kwa nini virusi havimalizwi na dawa. Tumieni kitabu, thangari, au mfano wenu wenyewe. Mfano wetu unapungukiwa wapi?

2. Ni mambo gani yanayomfanya mtu wa hapa kwetu aache dawa? Yaandikeni yote. Lipi kikundi chetu kinaweza kuliondoa kabla ya mwezi kwisha?

3. Mtu wa kwenu akisema "mimi nimepona", mtamjibuje bila kumwaibisha?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi aeleze somo hili kwa mtu mmoja ambaye si wa kikundi. Akuulize swali. Lile mtakaloshindwa kulijibu lileteni, tutaliuliza kwa kliniki.

Yule mama wa kisa chetu bado yuko, na kuku wake sasa ni wengi kuliko wa wenzake. Mtu mpya akianza dawa huko kwao, yeye ndiye hutumwa kuzungumza naye. Nilimsikia siku moja akimwambia msichana mmoja: "Viko, mtoto wangu. Vimelala tu. Wewe meza dawa yako, uende shamba." Mimi nilikaa kimya. Alikuwa amefundisha vizuri kuliko nilivyomfundisha.

Somo lijalo: Kifua kikuu nyumbani, na namna ya kumtunza mgonjwa bila kumtenga.